Je, haiba ya dereva inaweza kututabiria kama atacheza na hatari? (Pikipiki za mkataba, Tanga)

Mama wa Ngamiani

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nina pikipiki chache ambazo huwapa vijana kwa mkataba hapa Tanga mjini. Kijana analeta hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, matengenezo madogo ni juu yake, na mkataba ukitimia kadi inabadilishwa jina na chombo kinakuwa mali yake. Wengi wenu mnaufahamu utaratibu huu. Kinachonisumbua ni namna ya kumchagua kijana. Hadi sasa nimekuwa nikitazama mambo ya nje tu: kama ametulia, anasalimia wakubwa na amedhaminiwa na mtu ninayemfahamu, basi ninamkabidhi ufunguo.

Mdogo wangu, ambaye amesomea masuala ya utumishi, ananishauri niwape waombaji dodoso la haiba kabla ya kutiliana saini. Hoja yake ni kwamba wapo watu wenye asili ya kupenda hatari na wapo wenye asili ya kuikwepa, na kwamba wanasaikolojia wana vipimo vya kuwatenganisha. Nikiwatazama vijana nilio nao sasa ninashindwa kumkubalia moja kwa moja. Mmoja ni mchangamfu, ana maneno mengi, anapenda mwendo, na barabara ya kwenda Pangani anaipita kwa kasi isiyomfaa mtu mwenye mama. Lakini hesabu yake haichelewi na ana hisa zake kwenye kikoba. Mwingine ni mpole, hawashi pikipiki bila helmeti, hata abiria humsifu. Kumbe fedha ya hesabu huishia kwenye mikeka ya kubeti mpira, na kila Jumatatu ana maelezo mapya. Kati ya hawa wawili, mpenda hatari ni yupi?

Naomba wenye elimu ya jambo hili wanieleze kama kweli kuna uhusiano kati ya haiba na kujitosa hatarini, na kama uhusiano huo una msaada wowote kwa mtu kama mimi ambaye hana maabara, ana daftari la hesabu tu.

Msomi wa Raskazone

Shikamoo mama. Nimefundisha saikolojia chuoni kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nitaomba radhi ya urefu.

Uhusiano upo. Tafiti nyingi za haiba siku hizi hutumia sifa tano kubwa: uchangamfu, udadisi wa mambo mapya, uangalifu katika wajibu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2005 Nigel Nicholson na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaojitosa zaidi hatarini, kwa ujumla, wana uchangamfu na udadisi wa juu, huku wasiwasi, upole na uangalifu wao ukiwa chini. Uchangamfu na udadisi ndivyo vinavyomsukuma mtu aende. Uchache wa wasiwasi na wa upole humkinga na hofu na majuto. Na uangalifu ukipungua, kile kizuizi cha kufikiri kwanza kinalegea. Kabla yao Marvin Zuckerman wa Marekani, ambaye kipimo chake cha kwanza kilitoka mwaka 1964, alijishughulisha na jambo mahususi zaidi, nalo ni kiu ya msisimko, akaigawa katika mafungu manne: kupenda vituko vya hatari, kutafuta uzoefu mpya, kujiachia bila kujizuia, na kuchoshwa upesi na mambo yaleyale.

Kwa upande wa barabara, Brian Jonah alipitia tafiti zipatazo 40 mwaka 1997 akakuta kwamba kiu ya msisimko na uendeshaji wa hatari huenda pamoja, na kipimo cha uhusiano huo (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) mara nyingi kilikuwa kati ya 0.30 na 0.40. Kwa elimu yetu hicho si kiwango kidogo. Hata hivyo, tukikipigia hesabu, maana yake ni kwamba tofauti za madereva zinazoweza kuelezwa na sifa hiyo ni takriban asilimia 9 hadi 16, na zote zilizobaki zina maelezo mengine. Mdogo wako hajakosea kusema kwamba haiba ina sehemu yake, ila amekuuzia sehemu hiyo kwa bei ya kitu kizima.

Sasa vijana wako wawili. Mwaka 2002 Elke Weber, Ann-Renée Blais na Nancy Betz walitoa kipimo kinachotenganisha hatari kwa nyanja: fedha, afya na usalama, burudani, maadili, na mahusiano ya kijamii. Walikuta kwamba mtu anaweza kuwa jasiri katika nyanja moja na mwoga katika nyingine, na hata ndani ya fedha iliwalazimu kutenganisha kamari na uwekezaji. Jambo lililonivutia zaidi katika kazi yao ni kwamba watu hutofautiana sana katika namna wanavyoiona hatari yenyewe pamoja na faida yake, kuliko wanavyotofautiana katika kuipenda hatari ambayo tayari wameiona. Huyo kijana mpole huenda hajioni kabisa kuwa mtu wa hatari. Mwulize kuhusu mkeka wa Jumamosi, atakueleza fomu ya kila timu na majeruhi wake, kwa utulivu wa mtu anayezungumzia mshahara. Na huyo wa barabara ya Pangani anaamini kwamba mikono yake inatosha. Kwa swali lako la nani mpenda hatari, jibu langu ni wote wawili, kila mmoja mahali pake.

Kijana wa Barabara ya 12

Mama, salaam. Mimi ni dereva, na niliwahi kuendesha chombo cha mkataba kama chako hadi kikawa changu. Ninayoandika hayatoki kitabuni.

Asubuhi mimi ni mtu mwangalifu. Abiria wawili wakija pamoja ninawaambia mishikaki sipakii, mmoja atafute mwenzangu. Ikifika saa kumi na mbili jioni nina shilingi 6,000 mfukoni na tajiri anasubiri 10,000, abiria walewale wawili nitawapakia, nitawaombea na Mungu, na nitapita njia ya nyuma ili nisikutane na askari. Usiku akija mtu nisiyemfahamu anataka kwenda Amboni, nitakwenda. Siku ambayo hesabu imetimia mapema, mtu huyohuyo akiniongezea nauli mara mbili nitamwambia nimechoka. Naomba Msomi atufafanulie, haiba yangu ni ipi kati ya ile ya asubuhi na ile ya jioni?

Mchumi wa Chumbageni

Mdogo wangu wa Barabara ya 12 ameligusa jambo ambalo nilitaka kuliingilia, na nina ushahidi wa kumuunga mkono kutoka mahali asipopatarajia.

Mwaka 1980 Thomas Caraco na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa ndege wadogo wanaokula mbegu. Kila ndege aliwekewa sehemu mbili za kulia: moja ilitoa idadi ileile ya mbegu kila mara, nyingine mara ilitoa nyingi na mara haikutoa kitu, lakini wastani wa sehemu zote mbili ulikuwa sawa. Chakula kilipokuwa kinatosha kumfikisha salama, ndege alichagua sehemu ya uhakika. Hali ilipobadilishwa, ikawa kile cha uhakika hakitoshi tena kumkidhi, alihamia kwenye sehemu ya kubahatisha. Kwa hesabu za ndege huyo hakuna ukichaa hapo, kwa sababu uhakika wa kupata pungufu ya mahitaji ni uhakika wa kufa. Wala hatuwezi kusema kwamba haiba ya ndege ilibadilika kati ya jaribio moja na jingine.

Kwa binadamu, Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba mtu aliyeko upande wa faida huchagua uhakika, na mtu huyohuyo akijiona yuko upande wa hasara huwa tayari kucheza pata potea ili arudi alipokuwa. Hapo neno zito ni "akijiona", kwa kuwa faida na hasara hupimwa kutoka kwenye alama ambayo mtu ameiweka kichwani. Kwa dereva wa mkataba alama hiyo imewekwa na tajiri, nayo ni shilingi 10,000. Mwenye 9,000 ana fedha nyingi kuliko alivyoamka nazo, lakini anajiona amepungukiwa 1,000. Hata madereva wa teksi wa New York, katika utafiti wa Colin Camerer na wenzake wa mwaka 1997, walionekana kufanya kazi kwa kulenga kiasi cha siku: siku njema waliondoka mapema, siku mbaya wakakesha barabarani. Utafiti huo umepingwa baadaye na wachumi wengine, na ubishi wake haujaisha, lakini sidhani kama kuna mtu wa kijiweni atakayeushangaa.

Kwa hiyo, dada yangu wa Ngamiani, kabla ya kupima haiba za vijana ninakushauri uupime mkataba wako. Hesabu ya kila siku isiyojali mvua, msiba wala pancha inatengeneza mpenda hatari kila jioni, hata kama ulimchagua mcha Mungu.

Mtu wa Sahare

Ninawasoma kwa makini, na ninaona pwani yetu ina mfano ulio mzito kuliko bodaboda, nao ni uvuvi wa baruti. Ulipigwa marufuku kisheria tangu mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi mkoa wetu ulisifika vibaya kwa milipuko hiyo, hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kutangazwa mwaka 2009. Wageni walizoea kueleza kwamba wale ni watu wasiojua hofu, na kwamba hakuna elimu itakayowabadilisha. Sisi tuliokulia ufukweni tuliona mambo tofauti. Mtu aliyekuwa tayari kuwasha utambi na chupa iko mkononi ndiye huyohuyo aliyekuwa wa kwanza kuvuta ngalawa juu mchangani kusi ikivuma kwa nguvu mwezi wa Julai, akawaacha wazee wakaenda peke yao. Bahari aliiogopa, baruti hakuiogopa. Na baruti ndiyo iliyokata watu mikono.

Doria zilipokazwa miaka ile ya karibu na 2017, milipuko ilipungua sana. Sijasikia kwamba haiba za watu wa mwambao zilibadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni uwezekano wa kukamatwa.

Pamoja na hayo simuungi mkono Mchumi hadi mwisho. Katika kijiji kimoja, chenye bei moja ya samaki na dhiki moja, wako vijana walioshika baruti na wako walioikataa, ndugu wa tumbo moja wakiwemo. Ndege wako wa mbegu hawezi kunieleza tofauti ya ndugu hao. Hapo ndipo ninapomhitaji Msomi.

Msomi wa Raskazone

Mzee wa Sahare ameniwekea swali mahali linapopaswa kuwa. Mazingira ndiyo yanayopandisha au kushusha kiwango cha hatari cha kundi zima. Haiba huamua, ndani ya kundi hilo, nani atatangulia na nani atabaki nyuma. Kijana wa Barabara ya 12, wewe una haiba moja. Jioni kila mtu kijiweni kwenu anasogea kuelekea hatari, lakini ninaamini hamsogei kwa hatua sawa, na ukitafakari utawajua kwa majina wale ambao hata wakiwa na shilingi 2,000 hawapakii mishikaki. Hao watakuwa walewale mwaka huu na mwaka ujao.

Hilo la kudumu limepimwa. Mwaka 2017 Renato Frey na wenzake walichapisha utafiti wa watu 1,507 wa Basel na Berlin ambao kila mmoja alipitishwa kwenye vipimo 39 vya hatari. Vipimo vya kujieleza na vya kuhesabu matendo ya kawaida ya mtu viliafikiana vya kutosha kuonyesha sifa moja ya jumla ya kupenda hatari, pamoja na sifa ndogo za kila nyanja, na walipowapima baadhi yao tena baada ya miezi 6 sifa hiyo ya jumla ilikuwa imetulia. Michezo ya maabara, yaani ile ya kuchagua bahati nasibu au kupuliza puto kwenye kompyuta hadi linakaribia kupasuka, iliafikiana kidogo sana, hata yenyewe kwa yenyewe. Mama, mdogo wako akikuletea programu ya simu ya kupuliza puto, mrudishie.

Wengi hushangaa kwamba swali la kawaida hushinda michezo hiyo. Thomas Dohmen na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, walitumia majibu ya Wajerumani wapatao 22,000 walioulizwa tu kama kwa jumla wako tayari kujitosa hatarini, kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Swali hilo moja lilihusiana na uwekezaji wao wa hisa, uvutaji wa sigara, michezo na hata kujiajiri. Lakini kwa jambo mahususi, swali lililotaja jambo hilohilo ndilo lililotabiri vizuri zaidi: kwa uendeshaji, uliza kuhusu uendeshaji.

Hapa sasa ndipo dodoso la mdogo wako linapoanguka. Wajerumani wale hawakuwa na sababu ya kuficha, kwa kuwa hakuna aliyewaahidi pikipiki. Kijana anayetafuta mkataba, ukimwuliza kama anapenda mwendo kasi, atajibu kwa sauti ya imamu. Kwa hiyo usimwulize yeye. Brian Connelly na Deniz Ones walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010 wakaonyesha kwamba maelezo ya haiba yanayotolewa na watu wanaomfahamu mtu hutabiri utendaji wake kazini kuliko maelezo yake mwenyewe. Hapa Tanga watu hao hawako mbali: wako kijiweni, wako gereji, na wako kwa tajiri aliyemwachia chombo kabla yako. Usiwaulize kama ni kijana mzuri, maana kila mtu ni mzuri siku ya kudhaminiwa. Waulize matendo: hupakia wangapi usiku, chombo kilichopita alikirudisha katika hali gani, hutumia nini siku anayopata ziada.

Nitaongeza jambo moja dogo kuhusu umri. Margo Gardner na Laurence Steinberg mwaka 2005 waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wadogo walijitosa zaidi sana wenzao walipokuwepo. Watu wazima wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika kiasi hicho. Kijana wako wa Pangani huenda ni tatizo la msafara zaidi kuliko la mtu mmoja.

Kijana wa Barabara ya 12

Hilo la msafara ni kweli tupu. Peke yangu barabara ya Pangani ninakwenda kwa kukwepa mashimo. Tukienda watatu kumpeleka bwana harusi, mashimo hayaonekani.

Mchumi wa Chumbageni

Ninakubaliana na Mzee wa Sahare kuhusu ndugu wa tumbo moja. Nitasisitiza tu kwamba Mama hawezi kuibadilisha haiba ya mtu, wakati karatasi ya mkataba anaiandika mwenyewe. Hesabu ikiwa ya wiki, siku ya mvua inafidiwa na siku ya mnada au ya harusi, na ile saa kumi na mbili ya kila jioni inapungua makali. Na helmeti iandikwe kama sharti, ya dereva na ya abiria: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kwamba huwapunguzia waendesha pikipiki uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69, iwe anayeivaa ni mwoga au jasiri.

Mama wa Ngamiani

Nawashukuru wote, na Mzee wa Sahare shikamoo. Nimeelewa kwamba nimekuwa nikitafuta mtu wa namna moja ilhali nina hatari za namna mbili.

Ila ushauri wa hesabu ya wiki nimeutazama kwa vijana wangu hawa, nikaona unagawanyika. Kwa huyu wa mwendo kasi unafaa, na nitaanza naye mwezi ujao: 60,000 kwa wiki, Ijumaa iwe yake. Kwa huyu wa mikeka, hesabu ya wiki maana yake ni kumwachia mfukoni 60,000 hadi Jumamosi mechi zinapoanza, badala ya 10,000. Huyo nimeona abaki kwenye hesabu ya siku, tena aitume kwa simu mchana, kila anapofikisha nusu, kabla jioni haijamkuta nayo. Siku ya mvua kubwa nitampunguzia, ili asije akaona mkeka ndio njia ya kufidia.

Nina mwombaji mwingine anayekuja Jumapili. Amedhaminiwa na mkewe, ambaye ni mwanachama mwenzangu wa kikoba. Msomi, katika hao watu wanaomfahamu, nianze na mke au na mwenyekiti wa kijiwe?

Msomi wa Raskazone

Anza na mwenyekiti wa kijiwe, mama, ukipata na fundi wake itakuwa vizuri zaidi. Mke anamfahamu kuliko wote, lakini yeye pia anaihitaji hiyo pikipiki.